Mishipa ya Damu Si Bomba

Maneno haya niliyasema Mtwara mjini, kwenye siku ya sayansi ya chuo kimoja cha afya, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi wao. Wengi waliniomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, isipokuwa mizaha miwili mitatu ambayo nje ya ukumbi ule ingeonekana utovu wa adabu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazazi wetu mliotoka Mikindani, Naliendele na hata kule Masasi: shikamooni. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Nimepewa dakika ishirini na tano, na MC nimemwona akiweka simu mezani iangalie juu. Basi nianzie stendi.

Juzi nilishuka kwenye basi la Newala. Pembeni, karibu na akina mama wanaouza ming'oko, alisimama kijana na kipaza sauti, mbele yake meza ya chupa zenye maji ya rangi ya chai. Anasema: "Mzee wangu, mishipa yako ni bomba! Bomba la nyumbani likiziba unafanyaje? Si unalizibua? Sasa hii ndiyo kizibuo chenyewe!" Watu wamejaa, wengine hela mkononi. Na hoja yake ilikuwa tamu, nisiwafiche. Mimi ni mtoto wa Newala. Kwetu juu, kwenye uwanda wa Makonde, maji ni habari ya kusimuliana. Nimekua nikiona bomba likikohoa upepo wiki nzima, kisha alfajiri moja likatoa maji ya kutu na akina mama wakapiga vigelegele. Mtu akinitajia bomba, ananigusa.

Lakini kwenye hili la mishipa yule kijana amekosea, na kinachoniuma ni kwamba kosa hilo amefundishwa na sisi. Mara ngapi mmemsikia mtu wa afya akimwambia mgonjwa wa presha, "Baba, mishipa imeziba mafuta, kama bomba la jikoni"? Mimi mwenyewe nimelisema. Miaka mingi, na koti jeupe nimevaa.

Mtwara hii bomba tunalijua. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa pale Madimba, inaingia kwenye bomba la chuma la inchi 36, inakwenda mpaka Dar es Salaam. (Maneno mengine ya gesi hiyo tuyaache, leo si siku yake.) Lile chuma halijui linapitisha nini. Upitishe gesi, upitishe maji, upitishe uji, kwake ni mamoja. Likitoboka halijishoni lenyewe, na likipata mkondo mkali halibadiliki kitu ndani yake. Mshipa wa damu hauna hata moja ya tabia hizo.

Fundi cherehani akikushonea koti la harusi, ndani anatia bitana. Huioni ukiwa umevaa, lakini ndiyo inayogusa mwili. Mishipa yote ya damu, kuanzia ule mkubwa unaotoka moyoni mpaka kapilari ambayo seli nyekundu inapita kwa kujikunja, ina bitana yake. Vitabu vinaiita endothelia. Ni safu moja tu ya seli, zimelala bapa, zimeshikana kingo kama vigae. Safu moja! Unene wa unywele mmoja wa kichwani kwako ungebeba makumi ya safu hizo, moja juu ya nyingine. Na kwa miaka mingi wanasayansi wakubwa waliitazama kama tunavyoitazama bitana ya koti: kitambaa cha kuziba, basi.

Walichokuja kukuta ni kwamba seli hizi zinatengeneza protini usiku na mchana, na kila saa zinaamua itengenezwe ipi, kiasi gani, iwekwe wapi, na lini iachwe. Maamuzi hayo ndiyo yaliyonileta hapa.

Tukumbushane kidogo, maana wazazi wamo. Kila seli ya mwili wako ina jeni zile zile, za protini peke yake ni kama 20,000. Seli ya ini inazo, ya mshipa inazo. Hapa kwetu mambo ya jando na unyago hamhitaji kuelezwa: mafunzo yote anayo kungwi, lakini hayamwagi yote siku moja, wala hamwambii kila mtu. Anaangalia nani amekaa mbele yake, na wakati gani. Jeni nazo hivyo hivyo. Zote zimo kwenye kiini cha seli, lakini zinazosemwa ni chache. Jeni ikisemwa inatolewa nakala, inaitwa RNA mjumbe. Nakala inatoka nje ya kiini, inakutana na mitambo midogo inayoitwa ribosomu, na huko protini inaungwa kipande kwa kipande. Hapo basi pana milango kadhaa ya kufunga na kufungua: unaweza kuzuia jeni isisemwe, unaweza kuichana nakala, unaweza kuikalia nakala isisomwe, unaweza kutengeneza protini ukaifungia stoo. Bitana ya mshipa inaitumia milango yote hiyo.

Tumeyajuaje? Hapa nawaomba akina bibi mnisikilize, kwa sababu tumeyajua kwa kitovu.

Mwaka 1973 Marekani, mtafiti Eric Jaffe na wenzake walifanikiwa kuotesha kwenye chombo cha maabara seli za bitana ya mishipa ya binadamu. Walizipata kwenye kiungamwana, ule ukamba unaomfunga mtoto na kondo la nyuma, ambao mkunga akishaukata hauna kazi tena. Ndani yake unapita mshipa mmoja mpana wa vena. Unauosha mpaka damu yote itoke, unaingiza maji yenye kimeng'enya kinacholegeza gundi ya seli, unaacha dakika chache, unasukuma maji mengine, na seli zinatoka zenyewe kama magamba ya samaki mbele ya kisu. Unazilisha, unazitunza kwenye joto la mwili, zinazaana na kutandaza sakafu ya chombo kama mkeka. Mwaka huo huo walionyesha kwamba seli hizo zinatengeneza zenyewe, ndani ya chombo, pasipo hata tone la damu, ile protini ndefu inayosaidia damu kuganda, iliyopewa jina la daktari von Willebrand wa Finland. Kitambaa cha kuziba hakitengenezi protini! Tangu hapo sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu bitana ya mishipa imetoka kwenye viungamwana vya watoto wasiojua kwamba walichangia.

Jambo la pili lilianza kwa kosa, na wanafunzi mnaonikimbia kila mkiharibu kipimo mtalipenda. Robert Furchgott, naye wa Marekani, alikuwa akipima vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Dawa moja, asetilikolini, ikiwekwa kwenye mnyama mzima inalegeza mishipa, lakini kwenye vipande vyake ilikuwa inakaza. Miaka imepita hivyo. Siku moja msaidizi wake hakufuata mpangilio wa hatua kama alivyoelekezwa, na kipande kikalegea. Mzee angeweza kumfokea na kuamuru kipimo kirudiwe. Badala yake walifuatilia, wakagundua kuwa katika kuandaa vile vipande walikuwa wakikwangua upande wa ndani bila kukusudia. Bitana ikikwanguka, mshipa unakaza. Ikibaki, unalegea. Walichapisha mwaka 1980. Kitu kilichokuwa kikitoka kwenye bitana na kulegeza msuli wa nje kilikuja kutambuliwa kuwa gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Nobeli.

Gesi, ndugu zangu wa Mtwara. Kila mmoja wenu ana kiwanda cha gesi ndani.

Sasa gesi hii inaishi sekunde chache tu, kisha imekwisha. Haiwekwi kwenye mtungi, haisubiri mnada. Ukitaka iwe nyingi au kidogo, huna pa kuishika gesi yenyewe. Unashika mtambo unaoitoa. Mtambo huo ni protini, kimeng'enya kiitwacho eNOS, na malighafi yake ni arginini, moja ya vipande vinavyounda protini za chakula tunachokula. Kwa hiyo swali la "presha ya mtu huyu inaongozwaje" sehemu yake ni swali la "bitana yake inatengeneza eNOS kiasi gani, na inaichapa kazi kiasi gani".

Na nani anatoa amri? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, na MC ukinikata hapa tutagombana. Amri inatolewa na mkondo wa damu wenyewe.

Damu ikipita inaiburuza bitana, kama upepo unavyolaza majani. Seli zinausikia mburuzo huo. Kwenye mshipa ulionyooka, damu inapita kwa utaratibu upande mmoja, seli zinajinyoosha kufuata mkondo, zimepangana kama mitumbwi iliyotiwa nanga kwenye maji yanayokwenda. Ndani ya kiini mburuzo huo unaamsha protini iitwayo KLF2, kazi yake ni kufungua na kufunga jeni nyingine. KLF2 inafungua jeni ya eNOS, na inazituliza zile za kuita wapiganaji, yaani seli nyeupe za damu. Mshipa ulionyooka ni mtaa wenye amani.

Twendeni Ruvuma. Aliyevuka mto ule anajua kwamba palipo na kona na matawi, maji yanazunguka, na mchanga unajikusanya. Mishipa nayo ina kona na matawi, pale shingoni kwa mfano, mshipa unapogawanyika mmoja uende usoni na mwingine kwenye ubongo. Na kweli madoa ya mafuta yanapenda kukaa hapo hapo. Mtu wa bomba atakwambia: umeona, ni kama mchanga wa Ruvuma, yametuama! Hapana. Ukitazama seli za bitana za pale kwenye kona, hazijapangana, kila moja imeelekea kwake, KLF2 iko chini, eNOS iko chini, na jeni za kuita seli nyeupe ziko wazi kiasi hata kabla ya doa lolote kuonekana. Ukingo wa Ruvuma hauiti mchanga. Ukuta wa mshipa unaita. Unatoa kulabu, seli nyeupe zinanasa, zinaingia chini ya bitana, zinakula kolestero iliyopenya mpaka zinavimba, na doa linaota ndani ya ukuta, chini ya bitana. Halikupakwa juu yake kama masizi ya sufuria. Sasa chupa ya stendi itasugua nini?

Nimtendee haki yule kijana. Wapo wagonjwa ambao mshipa wa moyo umebana kweli, na madaktari wanapitisha waya na kuweka kijibomba cha wavu wa chuma kuutanua. Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, kazi hiyo inafanyika. Lakini waya ule ukipita unaikwangua bitana, na sehemu iliyokwanguliwa inakaribisha damu kuganda. Ndiyo maana mgonjwa anatoka na vidonge vya kuzuia damu isigande na anaonywa asiviache. Fundi bomba hampi bomba lako vidonge.

Nakala nazo zina habari yake. Nakala ya eNOS kwa kawaida ni ya kudumu, inaweza kukaa siku nzima na zaidi ikisomwa na kusomwa tena. Ukizimwagia seli TNF, ule ujumbe ambao mwili unaupeleka kukiwa na vita, nakala hiyo inachanwa ndani ya saa chache. Jeni haijaguswa, kilichopungua ni umri wa karatasi. Na kinyume chake, dawa za kushusha kolestero za jamii ya statini, mbali na kazi yake ya kwenye ini, zimeonekana kurefusha umri wa nakala ya eNOS. Kuna pia vipande vifupi mno vya RNA, maikroRNA, ambavyo havizalishi protini yoyote. Kazi yake ni kuikalia nakala ya mwingine isisomwe. Viligunduliwa kwanza kwa mnyoo mdogo wa udongoni, na Victor Ambros na Gary Ruvkun wakapata Nobeli mwaka 2024. Seli za bitana zina ya kwao inayojaa tele, miR-126, na moja ya kazi zake ni kuikalia nakala ya VCAM-1, kulabu mojawapo ya kunasia seli nyeupe. Yaani hata kabla hujatoa silaha, umeshaweka mtu wa kuikalia.

Nizungumzie stoo, na hapa nitawaonyesha mkono wangu. Walio mbele mnaona hili kovu?

Nilikuwa na miaka kumi na kitu. Nyumbani tulikuwa tunabangua korosho za kula wenyewe: bati lililotobolewa juu ya mafiga, korosho zinamwagwa, ganda linatoa mafuta, mafuta yanashika moto, moshi mweusi, unazimwaga mchangani, unagonga na jiwe. Moja ikanirushia mafuta hapa, kwenye kifundo. Bibi akanikamata, akanizamisha mkono kwenye beseni. Kabla hata hajamaliza kunigombeza pameiva. Vitabu vinasema "pekundu". Kwa ngozi yetu pameiva, panawaka, pana joto ukigusa. Kufika magharibi pamevimba, kifundo hakionekani. Kesho yake yakatoka malengelenge na pale pembeni pamekuwa pagumu kama embe bichi.

Miaka ishirini baadaye, darasani, nikaelewa kwamba mkono wangu ulikuwa umenipa ratiba.

Dakika zile za kwanza hakukuwa na nafasi ya kutengeneza protini mpya. Seli zilizoumizwa zilimwaga histamini, na bitana ikafungua ghala. Ndani ya seli za bitana kuna vifuko virefu kama sigara; Ewald Weibel na George Palade walivieleza mwaka 1964, na vinaitwa kwa majina yao. Humo imefungashwa protini ya von Willebrand, imekunjwa, pamoja na kulabu iitwayo P-selektini. Amri ikija, vifuko vinamwagwa kwa dakika. Protini ya von Willebrand inakunjuka kuwa nyuzi ndefu zinazonasa chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanza kuziba jeraha, na P-selektini inatokeza juu ya seli kupunguza mwendo wa seli nyeupe zinazopita. Nyie ni watu wa stakabadhi ghalani, hili halihitaji ufafanuzi: mzigo ulishapimwa, uko chini ya kufuli, mnunuzi akifika ni kupakia tu.

Ule uvimbe wa magharibi ni mzigo wa shambani. Kuna kulabu nyingine, E-selektini, ambayo haiwekwi ghalani kabisa. Mpaka jeni ifunguliwe, nakala itoke, ribosomu zifanye kazi, protini ifike juu ya seli. Kilele chake ni kama saa 4 hadi 6 tangu amri ilipotoka. VCAM-1 inachelewa zaidi na kukaa zaidi, ndiyo wa kesho yake. Kwa hiyo mgonjwa akikuambia "kimeanza kuvimba jioni", usidhani anachelewa kujieleza. Anakusomea saa ya kiwanda.

Anayefungua jeni hizo ni protini iitwayo NF-kappaB. Siku za amani imesimama nje ya kiini, imekamatwa mkono na mlinzi wake, IkappaB. Kengele ikilia, mlinzi anavunjwa vunjwa, NF-kappaB inaingia kiini na kufungua jeni za vita. Sikilizeni sasa: mojawapo ya jeni inazofungua ni ya mlinzi wake mwenyewe. Walinzi wapya wanatengenezwa, wanaingia kiini, wanamtoa nje. Nyapara anayeanza kazi kwa kuagiza pingu zake. Kengele ikiwa ya mara moja, kama ya mafuta ya korosho, mambo yanatulia. Ikilia kila siku, kwa sukari iliyopanda, kwa moshi wa sigara, walinzi hawawahi.

Nigusie malaria, kwa kuwa Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa inayougua malaria zaidi nchini, na nisipoitaja mtasema nimesoma vitabu vya Ulaya tu.

Wanafunzi wa maabara, mmehesabu slaidi za falsiparumu, kimelea cha malaria, mpaka macho yanauma. Mnaona nini? Pete. Pete, pete, pete, yaani vimelea vichanga. Wakubwa wako wapi? Hawajafa. Wameng'ang'ania kwenye bitana ya mishipa midogo, kwenye ubongo, kwenye kondo la mama mjamzito, ili wasipelekwe bandama kuuawa. Slaidi ni sensa ya waliokuwa barabarani siku hiyo. Waliolala majumbani hukuwahesabu. Na wanang'ang'ania nini? Protini za bitana. Mojawapo ni ICAM-1, ambayo bitana inaitengeneza kwa wingi ikisikia TNF, yaani mwili unapopiga kengele ya malaria hiyo hiyo. Kulabu alizotoa mwenyeji kwa askari wake, mwizi anatundikia kofia. Nyingine ni EPCR, na ushahidi wake wa kuhusika na malaria kali ulitoka mwaka 2013. Kazi ya EPCR ni kuizuia damu isigande ovyo na kuituliza bitana. Ikishakaliwa na kimelea, kazi hiyo haifanyiki.

Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwa watoto wa Kitanzania, Dar es Salaam, ukaonyesha kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali ndivyo mwili wa mtoto ulivyotengeneza oksidi ya nitriki kidogo. Mpaka wakati huo wengi walihofia kinyume chake, kwamba gesi hiyo ikizidi ndiyo inayoua. Baadaye, kwa watoto wa hapa hapa nchini, ikaonekana arginini katika damu yao iko chini mno. Mtambo upo, malighafi imekatika. Na ndiyo, korosho ina arginini nyingi. Hapana, korosho si dawa ya malaria. Mtoto akipata degedege mkimbize kituoni, na yeyote atakayekwenda stendi kuuza korosho za kutibu malaria kwa jina langu nitamjua.

Akina mama, la mwisho ni lenu. Bitana inahitaji kila siku ujumbe uitwao VEGF ili iwe na afya, na inaupokea kwa kipokezi kilichosimikwa kwenye ngozi ya seli. Jeni ya kipokezi hicho ina mikato miwili. Nakala ikikatwa ndefu, unapata kipokezi chenye mzizi. Ikikatwa fupi, kinatoka kisicho na mzizi, kinaelea kwenye damu na kuudaka ujumbe njiani kabla haujafika. Katika kifafa cha mimba na ile hali inayokitangulia, kondo la nyuma linamwaga hivi vya kuelea kupita kiasi. Bitana za mama zinaanza kuugua zikiwa na njaa ya ujumbe: presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, miguu na uso vinajaa. Nesi anayekufunga mkono kupima presha na kukuomba mkojo kwenye kikopo anaisikiliza bitana yako kwa njia mbili za bei nafuu. Jeni moja, mikato miwili, na mama mzima yuko hatarini.

MC amesimama, nimemwona. Nakaribisha maswali.

Maswali yalikuwa mengi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliuliza kama mazoezi yanabadilisha bitana, nikamjibu ndiyo, kwa sababu damu ikienda kasi mburuzo unaongezeka, na eNOS pamoja nao. Akasema basi atatembea mpaka Shangani jioni hiyo, wenzake wakamcheka kwa kuwa wanajua anakwenda kwa nani. Mzazi mmoja alitaka kujua yule kijana wa stendi akamatwe au aachwe. Nikasema kwanza aje asikilize.

Halafu akanyanyuka bibi mmoja kutoka upande wa Mikindani, kanga begani, anaegemea kiti cha mbele yake.

"Mwanangu, umesema vizuri. Hivyo vitovu waliochukua kule Marekani, wakavizika wapi?"

"Shikamoo bibi. Hawakuvizika. Seli zake zinahifadhiwa kwenye baridi kali sana, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikihitajika zinatolewa zinaoteshwa tena."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, bibi. Wanachukua na vya watoto wengine, wazazi wakikubali."

Akatafakari, ukumbi umenyamaza. "Haya," akasema akikaa, "hao watoto basi ukiwauliza kwao ni wapi, watakuonyesha friji."

Nilicheka mpaka nikasahau kumshukuru mgeni rasmi. MC akatangaza wali uko tayari, wazee watangulie.